Mkurugenzi wa Kusambaza

Bagira ni moja ya komini tatu za Bukavu, lakini ukifungua LinkedIn utadhani ni kata ya Geneva. Kila kijana ni mshauri wa kimataifa, mratibu wa miradi au kiongozi mwenye maono. Cheo hakina gharama, ni mega tu.

Bomba la REGIDESO, shirika la maji, likikauka, mheshimiwa hupanga foleni na bidoni yake ya njano mkono wa kushoto. Wa kulia unasambaza makala ya Kiingereza kuhusu usimamizi bora wa maji. Hajaisoma. Juu yake anaandika: "Très inspirant!" Wenzake wanampigia makofi, nao hawajaisoma.

Daktari Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, hapahapa Bukavu, mwaka 1999. Alipotunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2018, hakuna aliyemuuliza amesambaza makala ngapi.

Microsoft waliinunua LinkedIn mwaka 2016 kwa zaidi ya dola bilioni 26. Makofi yenu yana mwenyewe, na anakula vizuri.

Basi kaka mratibu, kabla hujasambaza, soma japo aya ya kwanza. Iko siku mwajiri atakuuliza makala ilisema nini.