Mjomba wa Houston na Mihuri Yake

Sheria ya Marekani haimkatazi mwombaji wa uraia kusafiri. Inamtaka awe na kadi ya kijani kwa miaka 5, au 3 akiwa anaishi na mwenzi aliye raia, awe amekaa nchini angalau nusu ya muda huo, na akikaa nje kwa mkupuo mmoja zaidi ya miezi 6 ajiandae kujieleza. Mambo mepesi, kwenye karatasi.

Tabu humpata mwenye ndugu.

Yupo dereva mmoja wa lori huko Houston, mwenyeji wa Muheza, ambaye ukoo mzima humwita Mjomba, hata waliomzidi umri. Fomu ya maombi, N-400, ilimtaka aorodheshe kila safari ya nje ya saa 24 au zaidi katika miaka 5 iliyopita, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Mjomba hana kumbukumbu za tarehe. Ana misiba na harusi. Akaketi mezani, pasipoti chini ya taa, miwani puani, akikagua mihuri. Afisa mmoja alikuwa amegonga wake juu ya wa mwenzake, na tarehe ikawa 3 au 8, kutegemea unavyoishika pasipoti. Mkewe akaimaliza kesi bila miwani: "Ni tatu hiyo, baba watoto. Ulirudi kabla ya arobaini ya bibi, na shangazi mpaka leo hajasamehe."

Fomu ikaenda, akabaki kusubiri miadi ya kuchukuliwa alama za vidole. Haukupita muda simu ikalia usiku wa manane: baba mkubwa amefariki. Msiba hausubiri alama za vidole, na alama za vidole nazo hazina habari na msiba. Barua ya miadi ikaingia Houston wakati Mjomba amekaa jamvini Muheza. Mwanawe, kijana wa sekondari, akaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp, kidole gumba kikiwa kimekaa juu ya siku na saa.

Asiyetokea bila taarifa huweza kuhesabiwa kuwa ameyatelekeza maombi yake. Kwa hiyo watu wakiwa wanasoma Yasini sebuleni, Mjomba alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, akifoka kwa kunong'ona: "Piga tena, mwanangu! Toa kidole! Nimesema toa kidole!"

Akaomba tarehe nyingine, akapewa. Mtihani wa uraia ulikuwa nafuu kuliko mihuri. Maseneta ni 100 na hawaendi arobaini ya mtu.

Kilichomtoa jasho ni kiapo chenyewe. Siku hiyo kadi ya kijani hurudishwa serikalini, na raia mpya hutoka ukumbini na cheti cha uraia, ambacho hakimpandishi mtu ndege. Pasipoti ya Marekani huombwa kwa kuwasilisha cheti hichohicho, tena halisi. Ile ya Tanzania nayo haikuwa yake tena, maana sheria ya kwao haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Jirani yake Mkenya, ambaye katiba ya 2010 imemruhusu kubaki na zote mbili, alimpa pole huku akicheka.

Na harusi ya mpwa ilikuwa imekaribia, Mjomba akiwa mwenyekiti wa kamati. Wenye safari ndani ya siku 14 wana ofisi zao za pasipoti za dharura, kwa miadi. Akaenda na tiketi mkononi, akaipata.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, Mjerumani aliyemtangulia alilipa viza dola 50. Wamarekani hulipa 100. Mweka hazina wa kamati, mdogo wake wa tumbo moja, alisikiliza kisa chote akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akauliza kama hizo 100 zitatolewa kwenye mchango wa ukumbi au ni juu ya ule aliokwisha kuahidi.