Dirisha Nalo ni Mlango

Wapo wanaolalamika kwamba vijana wa Dar es Salaam wamepoteza adabu. Waende Kimara asubuhi, basi la mwendokasi linapoingia kituoni, wakajionee bidii. Kabla mlango haujafunguka, kijana ameshatanguliza begi dirishani, kisha kichwa, kisha kiatu kimepumzika kidogo kwenye bega la bibi aliyewahi kufika, na mara ameketi, spika masikioni, kalala fofofo. Usingizi wa haraka namna hiyo haupatikani hata kwa sindano ya daktari. Huduma hii ilipoanza mwaka 2016 tulipewa tiketi, vituo na njia ya peke yake. Kilichosahaulika ni mashindano, na abiria wamejiongezea wenyewe bila kuigharimu serikali hata senti. Foleni tuwaachie siafu, wasiokwenda shule. Mzee anayesimama naye asijione kaonewa: wataalamu wanahimiza mazoezi, na kushika bomba hadi Kivukoni ni mazoezi tosha. Na askari anayewapulizia filimbi bodaboda waliovamia njia ya mabasi? Abaki. Shamrashamra bila filimbi hainogi.

Utasema tatizo ni uchache wa mabasi. Ni kweli, watu husubiri mno. Lakini viti vikiwa haba ndiyo sababu zaidi ya kuwapa wenye misuli ya kuvipigania; mgonjwa angekifanyia nini kiti? Kwa hiyo, mama mjamzito unayesoma haya, kesho vaa raba, uje mapema, na uanze leo kujifunza kuruka.