Jangwani Kumejaa Maji

Aliyepaita mahali pale Jangwani simjui, ila najua namdai viatu. Jozi ya tatu hii tangu masika yaanze. Juzi basi la mwendokasi liliishia Magomeni, tukaambiwa tushuke, Msimbazi umepanda na barabara imefungwa. Maji yalipopungua kidogo, kijana mmoja mwenye mabega ya kubebea saruji akanitazama tumbo, akasema, "Mzee, wewe elfu mbili. Wembamba ndio buku." Nikavuka jangwa nikiwa mgongoni mwa mtoto wa watu, viatu shingoni, shikamoo nazipokea kutoka juu.

Mvua siilaumu tena. Mvua inashuka kama ilivyowashukia babu zetu. Ninayemtafuta mimi ni mtu mwenye rula.

Nilianza kumtafuta siku ile ya kikao cha harusi, nyumbani kwa shemeji yangu Oysterbay. Nilifika saa kumi, shati limenigandia. "Shemeji," nikamwomba, "hebu washa kiyoyozi." Akashangaa. "Cha nini? Si dirisha liko wazi?" Kweli, upepo ulikuwa unaingia kwa dirisha moja, unasalimia wajumbe, unatokea kwa lingine. Nje kuna mikungu, miembe na majani ambayo hayaliwi na mbuzi wa mtu. Katika ule uwanja mtaa wangu wote wa Kigogo ungeenea, pamoja na genge la mboga, na bado tungepata pa kugombania. "Huku ndivyo kulivyo," shemeji akasema.

Hapana. Huku ndivyo kulivyochorwa.

Wajerumani walipohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, walitoa kanuni za ujenzi: upande wa bahari nyumba za Kizungu, vibanda vya miti na udongo visogee huko. Waingereza wakaja na kulipanga vizuri zaidi jambo hilo baya. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na katikati pale Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili magonjwa yetu yasivuke. Mbu wa Kariakoo alidhaniwa akifika katikati ya uwanja atachoka, arudi kwao. Miaka ya 1930 wakubwa wakajipimia viwanja Oysterbay, vipana, vinavyotazama bahari.

Kinachoniuma hasa ni ramani ya 1949, iliyochorwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb. Humo walitenga njia za upepo. Njia za upepo! Binadamu alikaa na penseli akaupangia upepo wa Bahari ya Hindi pa kupita, na maeneo ya wazi hayohayo yakawa yanatenga watu na watu. Na hawakuandika Mzungu wala Mwafrika, maana lugha ilikuwa imeshapata adabu. Waligawa kwa ujazo: mdogo, wa kati, mkubwa. Nani ajazwe hakuna aliyehitaji kuuliza. Nenda hata leo ukaulizie kiwanja kilichopimwa, utaulizwa unataka cha ujazo gani. Mimi ujazo wangu ni mkubwa kila upande, hata yule kijana wa Jangwani aliuona.

Baada ya uhuru rangi ikafutwa, mshahara ukashika rula. Wakanada wakatuchorea ramani ya 1968, wengine wao wakaja na ya 1979. Mabonde yakatakiwa yaachwe kwa mto na mboga. Ramani nzuri, sina neno. Ila viwanja vilivyopimwa vilikuwa haba, na watu walishashuka kwenye mabasi na mabegi yao. Wakanunua vipande kwa mwenye shamba, balozi wa nyumba kumi akawa shahidi, mto ukawa jirani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Baadhi yao walirudi, kwa sababu kibarua hakikuhama nao.

Wala mimi si malaika. Nilipopelekwa kuona chumba nilichopanga, ukutani palikuwa na mstari wa kahawia usawa wa kiuno. Dalali akaniambia mwenye nyumba anapenda rangi mbili. Nikakubali, kwa sababu kodi ilikuwa imenipendeza.

Sasa nalala chini ya bati lisilo na mti hata mmoja wa kulifunika. Feni inachukua joto la kona hii na kulipeleka kona ile, na umeme nanunua. Yaani mimi wa Kigogo nanunua upepo kwa yuniti, shemeji mwenye mshahara wa maana anafungua dirisha. Mawingu yakijikusanya, walio juu yetu wanatapisha vyoo ili mvua iwasaidie kazi, na kazi yenyewe inaletwa mlangoni kwangu.

Safari hii tunaambiwa Bonde la Msimbazi litageuzwa bustani. Benki ya Dunia imetoa mkopo, nyumba za chini zimevunjwa, pale Jangwani litapita daraja refu. Nilifurahi kwa siku mbili. Ya tatu baba mwenye nyumba akabisha hodi, akakataa kiti, akasema kodi inapanda.

"Kwa lipi, mzee? Choo bado kimeinama."

"Utakuwa unaangalia bustani."

Nikamwuliza kama na upepo umo humo kwenye hiyo kodi mpya. Akatazama bati, akatazama feni, akasema la upepo tutaliongea mwezi wa sita.