Simu ya Bi Mkubwa

Mfyuu! Hapa Jaws Corner, baraza yetu ya kahawa Unguja, hatukosi mafundi. Sema jino linakuuma, utatajiwa dawa saba. Sema unataka simu, basi tena! Hata mwenye kitochi kilichofungwa mpira atakuuliza RAM ngapi.

Jana alasiri kapita bi mkubwa wa nyumba ya pili, noti kazifunga pindoni mwa kanga. Tukamwamkia. "Marahaba, wanangu. Nakwenda Darajani kununua simu ya kupangusa, yangu ya mwanzo. Nichukue ipi?"

Kahawa ikapoa vikombeni.

Wa kwanza: iPhone ya Dubai, imetumika kidogo. Kidogo na nani? Betri imeshachoka kama punda wa gari! Unguja betri si jambo la mzaha. Au tumeshasahau Disemba 2009, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipokufa? Mpaka Machi 2010, kisiwa kizima giza, miezi 3, watu tunazunguka na chaja mfukoni tukiulizana nani ana jenereta.

Wa pili: anunue ya mchuuzi, bei chee, Samsung ile ile. Aka! Ile ile ya wapi? Juni 2016 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia, wangapi waliamka wameshika kigae? Simu kabla hujailipia, bonyeza *#06#. Namba itakayotokea ilingane na ya kwenye boksi, kisha itume 15090 uone jibu linasema simu gani. Muuzaji akikunja uso, mwachie mali yake.

Wa tatu: kamera kali, GB 256. Mfyuu! Bi mkubwa apige picha mchicha?

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo niwe wa nne, muuza kahawa akatukata: "Mmemuuliza anaitakia nini?"

Kimya. Dhumna zenyewe zilinyamaza.

"Dada yangu yuko Maskati," akasema bi mkubwa. "Toka zamani tukiandikiana barua, Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofunzwa chuoni. Sasa mkono wake hauwezi tena kalamu, kanunuliwa simu. Wajukuu wananitumia maneno ya ABC kwenye simu ya jirani. Mimi ABC siijui. Nataka simu inayojua alifu."

Msonyo uliotutoka hapo tulijisonya wenyewe. Saa nzima tunagombania GB za mtu asiyezihitaji!

Kijana wa iPhone akatoa simu yake, akaingia kwenye mipangilio, akaongeza Kiarabu. Kibodi ikageuka. Bi mkubwa akaanza kuandika kwa kidole kimoja, kutoka kulia, polepole kama anayechambua mchele. Katikati ya neno akasita.

"Nataka kumwita kipenzi. Pa iko wapi?"

Kweli, Kiarabu hakina pa. Wazee wetu waliiazima herufi yake kutoka Kiajemi. Kijana akaikandamiza ba, hakuinua kidole, na pa ikachomoza juu yake na nukta zake tatu. Bi mkubwa akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga ile ile yenye noti.

"Haya, yenye pa bei gani?"

"Hata ya bei ya chini inayo, bi mkubwa."

Akatutazama mmoja mmoja, kutoka wa kwanza mpaka mimi.

"Sasa mlikuwa mnagombania nini?"