Upepo Upo, Tatizo ni Umeme

Dereva wa Dar es Salaam ana taa anazoziogopa na taa alizozizoea. Ya mafuta tumezaliwa nayo. Kuna watu hawajawahi kuiona ikizima. Ya injini ikikaa wiki mbili inakuwa mwanafamilia. Lakini ile ya njano ya upepo wa matairi, yenye mchoro ulio wazi juu, meno chini na alama ya mshangao katikati, bado ni ngeni, na kila anayeiona anataka kuisemea.

Kwangu ilijitokeza Jumamosi moja, tukiwa tumeshapanda garini kwenda sendofu Kibaha. Mama mkwe, aliyekaa mbele kwa heshima yake, ndiye aliyeiona kwanza. Akasema gari linaonyesha sufuria inachemka, kwa hiyo ni maji ya rejeta. Tukafungua boneti. Maji yapo. Tukaongeza kidogo, kwa ajili ya amani.

Jirani yetu, dereva mstaafu wa malori, akavuka barabara bila kuitwa. Mzee huyu hupima upepo kwa teke. Akazunguka gari, akagonga tairi moja moja kwa ncha ya kandambili, akasikiliza, akahukumu: "Upepo upo. Tatizo ni umeme." Namheshimu sana, ila tairi la siku hizi lisilo na tyubu linaweza kupoteza robo ya upepo wake na bado likasimama mbele yako bila aibu yoyote.

Neno umeme likamwamsha shemeji. Shemeji ana dawa moja kwa magonjwa yote ya gari: chomoa terminali ya betri, vuta pumzi, rudisha. Alimaliza kabla sijamkatalia. Saa ya gari ikarudi saa saba kamili. Redio ikajifunga na kudai namba ya siri kwa Kijapani. Yule mama wa Kijapani anayeongea kila ukiwasha gari, ambaye watoto humwitikia "marahaba" na kumbe analalamika tu kwamba hatujaweka kadi ya kulipia barabara za kwao, akaendelea na malalamiko yake. Taa ya upepo haikutikisika.

Kitufe alikigundua binti yangu wa darasa la nne, aliyekuwa chini ya usukani akitafuta kiatu. Kimejificha karibu na goti la dereva, kina mchoro uleule na maandishi SET. Shemeji akakibonyeza, akakishikilia. Taa ikakonyeza mara tatu taratibu, ikazima. Vigelegele! Mama mkwe akasema ni yale maji.

Mke wangu peke yake hakupiga kigelegele. "Kwani upepo kajaza nani?"

Hakujibiwa, maana jibu lilikuwa baya. Magari mengi yenye kitufe hiki hayana hata kipimo ndani ya tairi. Yanatumia sensa za breki za ABS kulinganisha mizunguko: tairi lililopungukiwa upepo kipenyo chake hupungua, likazunguka haraka kuliko wenzake, taa ikawaka. Ukishikilia kitufe, unaliambia gari kwamba hali ya matairi ilivyo sasa ndiyo sahihi, likariri hiyo. Alichofanya shemeji ni kurudisha nyuma mshale wa mizani kisha kutangaza mtaani kwamba amepungua kilo.

Na si mchezo. Tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka, likapata joto, na joto ndilo linaloua tairi barabara kuu. Wamarekani waliilazimisha taa hii kwa sheria ya mwaka 2000, baada ya vifo vilivyotokana na matairi ya Firestone kubanduka yakiwa kwenye Ford Explorer. Kufikia Septemba 2007 magari yao mapya madogo yote yalitakiwa kuwa nayo.

Tukaenda polepole kwa fundi pancha wa kona. Tairi la nyuma kushoto, geji ikasoma 22. Akapaka mate kwenye valvu: hakuna povu. Akamwaga maji ya sabuni, vikachipuka vipovu kuzunguka skrubu iliyozama hadi kichwani. Akaziba. Kisha ukaanza ubishi. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema kPa 230, yaani psi 33 hivi, yeye anataka 40, "za safari, bosi, hizo 33 ni za Japani." Tairi lililojazwa kupita kiasi hukanyaga kwa katikati tu, likalika hapo, na kwenye mvua mshiko unapungua. Nilipata muda wa kumweleza yote hayo kwa sababu mama mkwe alitazama saa ya gari, ikamwambia ni saa saba na nusu. Ilikuwa saa kumi.

Ikikuwakia, pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto geji husoma juu. Jaza kwa kufuata kibandiko cha mlangoni, ndipo ushikilie kitufe. Ikiwa taa inakonyeza kama dakika nzima kila unapowasha gari kisha inaganda, hiyo ni hitilafu ya mfumo wenyewe, na hapo jirani yangu atakuwa amepatia. Terminali ya betri usiiguse. Redio yangu bado inadai namba ya siri, anayeijua anisaidie.