Ufunguo kwa Walimu Tu

Kigiriki cha kale hakina gharama kwa anayejifundisha mwenyewe: vitabu vya karne ya 19 vimeshaisha hakimiliki na hupatikana bure. Arthur Sidgwick alitoa kitabu cha mazoezi ya kutafsiri kwenda Kigiriki mwaka 1876, na majibu yake yakachapwa kando, kwa walimu tu. Busara tupu! Asiye na mwalimu hana wa kumsahihisha, na asiyesahihishwa hakosei kamwe. John Williams White, katika kitabu chake cha mwaka 1896, alimwandaa mwanafunzi kumsoma Xenophon, mwandishi wa Kigiriki aliyesimulia safari za jeshi. Akihitimu ataweza kuamuru jeshi livuke mto, kuomba maji ya kunywa kutasubiri. Katika nakala zilizofifia za vitabu hivi, alama za mkazo zimekuwa kama vinyesi vya nzi, nazo huzoeza macho kukisia. Na yale majibu ya walimu yakipatikana, hunakiliwa kwanza, swali husomwa baadaye kwa nafasi. Alama huwa mia kwa mia.