Heko kwa Mtu wa Mazingaombwe

Daktari ana wa kumsifu, mwalimu ana siku yake, mwanasiasa hujisifu mwenyewe. Mimi namsifu mtu wa mazingaombwe, yule anayekujia mezani na karata zake chakavu wakati tonge liko njiani kwenda kinywani. Hakuna aliyemwita. Mwenye baa hamlipi. Mhudumu anamtazama kwa jicho la pembeni. Naye anavuta kiti cha plastiki, anaketi na kuuliza, "Wakubwa, mna jero hapo?"

Kwa Morogoro mtu huyu ni neema. Umeagiza kuku wa kienyeji wa kuchoma, umeambiwa "dakika kumi tu, bosi," na huko nyuma ya jiko kuku bado anakimbizwa. Ukiinua macho ujiliwaze na milima ya Uluguru, unakuta Bondwa imeshaingia mawinguni. Kilele cha zaidi ya mita 2,000 kimeondoka mbele ya watu wazima na hakuna aliyepiga makofi. Jamaa yeye anapigiwa makofi kwa kuondoa sarafu moja. Mlima haukujua kujitangaza.

Sarafu yenyewe ni ile yenye Mzee Karume upande huu na nyati upande wa pili. Anaitoa mkono wa kulia, anaitia wa kushoto, anafumba, anapuliza, anafumbua: haipo. Wala haikwenda. Imebaki kulia, imebanwa chini ya vidole viwili vya kati, na mkono umelegea kana kwamba hauna habari. Yeye alitazama kushoto, nawe ukatazama kushoto. Ndiyo maana msomi wa Chuo Kikuu cha Sokoine hudanganyika upesi kuliko mtoto wa darasa la pili. Msomi amefundishwa kutazama anapoonyeshwa. Mtoto hana adabu hiyo. Anachungulia chini ya meza na kusema kwa sauti alichokiona. Ukimwona jamaa anahama meza ghafla, ujue hapo pana watoto.

Halafu ana unyenyekevu wa pekee. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, tuliyoachiwa na Mwingereza, haiishii kwa mchawi; inamgusa hata anayejidai ana nguvu za giza. Kwa hiyo mwenye akili hukunja mikono ya shati hadi viwikoni na kutangaza mapema: "Hapa hakuna uchawi, wakubwa, ni wepesi wa mikono tu." Nitajieni kazi nyingine ambayo mtu huianza kwa kukana uwezo wake. Mganga wa kwenye vibao, dalali wa viwanja na mgombea udiwani huanza kwa kuahidi.

Wapo wanaomchanganya na wale wa karata tatu wanaovizia abiria kwenye stendi za mabasi. Vidole ni vile vile, nakubali, lakini wale hula nauli ya mtu kabla basi halijaondoka. Huyu akiomba msimbazi, msimbazi unarudi. Anamwambia mwenye noti aandike namba zake kiganjani, anaikunja kwenye karatasi, anaichoma moto, na mwenye noti anakunja sura. Kisha anaomba limao lililo pembeni ya kachumbari, analikata, na noti inatoka ndani imelowa, namba zile zile. Emil Jarrow alijipatia jina majukwaani Marekani kwa limao kama hilo, mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye alikuwa na jukwaa, taa na watu waliolipa kiingilio. Wetu ana taa moja yenye kumbikumbi, na muziki wa meza ya jirani.

Wanaomlaumu husema anafanya chakula kipoe. Kwani kilikuja cha moto?

Ila haki isemwe. Wakati noti inapita mkono hadi mkono, kila mmoja akiinusa na kuilinganisha na namba za kiganjani, meza nzima imeinama juu ya limao. Ni hapo ambapo firigisi, aliyowekewa mzee wa meza kwa heshima zake, hutoweka sahanini. Haijawahi kutokea ndani ya limao, wala nyuma ya sikio la mtu. Mzee akidai irudishwe, jamaa anafuta midomo na kumjibu kwa adabu kwamba, shikamoo mzee, kwa firigisi mikono yake bado haijafika kiwango hicho.